Ngogwe Nyuma ya Mkeka

Mwaka 1949 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo ndipo shida ilipotujua kwa majina. Mvua ilikataa. Ng'ombe wa baba walikufa mmoja mmoja upande wa Maganzo, mpaka zizi likabaki miiba mitupu. Baba akasema twende Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, akawe mtu wa shimoni. Mama alichukua kitambaa, akafunga mbegu za ngogwe alizoachiwa na marehemu mama yake, akazitia kifuani. Zilikuwa nyanya chungu zenye mistari myeupe, na kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Zikiisha kwake zimeisha, ndivyo alivyoamini, nami nikaamini hivyo hivyo.

Shule nimekaa mwaka mmoja tu, mwanangu. Usitafute maneno ya kitabuni hapa. Nitakuambia nilichokiona.

Kambini kila familia ilipewa chumba kimoja, na vyumba vilipangwa mstari mmoja. Chini palikuwa kifusi cha mawe yaliyotoka shimoni. Ukipiga jembe, jembe linalia. Tena nyapara aliweza kuamka na jambo lake akahamisha mstari mzima. Kwa hiyo wanawake wengi walipanda mboga kwenye makopo, ili siku ya kuhama kila mtu abebe lake kama anavyobeba mtoto. Posho ilikuwa unga, maharage na chumvi. Jani la kijani ulijitafutia.

Mama alizipanda mbegu zake zote kwenye kopo la samli. Zilikuwa zimezeeka. Ukaota mche mmoja tu, na hapo hofu ikamwingia.

Mlango wa pili aliishi Mama Tausi, mwanamke wa Ujiji, mnene, mwenye kicheko cha kumwamsha mgonjwa. Pilipili zake, kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, zilizaa hadi matawi yakaegemezwa vijiti. Kwetu, mtu anayestawi peke yake wakati wa njaa hatazamwi vizuri. Mama akaamua kwamba jicho la yule mama ndilo linalonyonya mimea ya wenzake.

"Mama Minza, hujambo?" Mama Tausi aliuliza kila asubuhi. "Bustani yako vipi?"

"Sina bustani."

"Hata kitunguu?"

"Hata kitunguu."

Asubuhi moja akaongeza: "Haya, ficha tu. Lakini mficha uchi hazai!" Akacheka, akaenda zake.

Kwake ulikuwa utani. Mama aliusikia kama laana. Siku hiyo hiyo alilitoa kopo barazani, akaliweka ndani, pembeni, nyuma ya mkeka, jicho la mtu lisilifikie. Jua nalo halikulifikia.

Mche ukarefuka, lakini urefu wenyewe, mwanangu, haukuwa wa afya. Ulikuwa mwembamba, umepauka, shingo imeelekea upenyo wa mlango kama mtu anayesikiliza habari za nje. Ukatoa maua, yakadondoka. Ukatoa mengine, nayo yakadondoka. Mimi nikadhani una kiu, nikawa naumwagia maji asubuhi na jioni. Kopo halikuwa na tundu hata moja. Udongo ukaanza kunuka.

Wakati huo huo mama alianza kukohoa. Alikificha kikohozi kama alivyouficha mche. Kikimjia, alijiziba kwa khanga ili mlango wa pili wasisikie. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema ili watu wapate la kusema. Waliliona.

Nakumbuka siku moja mchana, baba akiwa shimoni, mama aliinua mtungi akaanguka nao. Nilipiga kelele. Mama Tausi alikuja mbio, mikono ina unga, tukambeba tukamlaza kitandani. Alipogeuka kutafuta kitambaa cha kumfuta, akasukuma mkeka. Akauona mti.

"Minza, nani kafungwa huku?"

"Ngogwe ya bibi. Ndiyo ya mwisho."

"Ikakosa nini? Mbona hata mwizi hutolewa nje akaota jua?"

Mama akasema kutoka kitandani, sauti haina nguvu, "Usiutazame."

"Nimeshautazama, Mama Minza. Sasa nifanyeje, niyang'oe macho?" Kisha akaja kuchutama karibu na kitanda, akaongea polepole. "Dada yangu, mimi sili mti wa mtu. Niruhusu niutoe nje. Ukifa mkononi mwangu, njoo unisute mbele ya kambi nzima."

Mama aligeukia ukutani.

Mama Tausi akaligonga kopo, udongo ukatoka mzima, umekaa kama kopo lenyewe. Nje yake mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, kama kamba ya ndoo iliyoviringwa. Chini mingine ilikuwa myeusi, imeoza.

"Shika uone," aliniambia. "Mzizi umetafuta njia, umekuta bati. Umegeuka, umekuta bati tena. Sasa unajinyonga wenyewe. Mti wa namna hii unakula ili usife tu, mwanangu. Cha kukuzalia wewe utakitoa wapi? Na jua ndilo moto wake. Wewe unamletea maji kila siku, haya, atapikia moto gani?"

Akaifungua mizizi kwa kucha, taratibu, kama anayefumua nywele za mtoto anayelia. Iliyooza akaikata. Akang'oa pilipili zake kwenye pipa moja, pipa lenye matundu chini, akatia udongo wa kichuguu na samadi ya mbuzi, akaupanda humo. Hakuuweka juani papo hapo. Aliuanzisha upenuni kwa jua la asubuhi, akawa anausogeza kidogo kidogo. "Aliyetoka gizani humwashii taa usoni," alisema.

Majani mapya yalitoka mafupi, mapana, ya kijani kweli. Maua yakashika. Lakini mama alikuwa anakwisha. Jioni moja mimi na baba tulimbeba hadi mlangoni ili auone mti, na matunda yalikuwa madogo kama gololi. Aliyatazama sana. Kisha akasema, "Wabeja," ndiyo asante ya Kisukuma.

Mama Tausi hakuwapo. Alikuwa amekwenda bombani kuchota maji. Lile neno lilibaki pale mlangoni bila wa kulipokea, na mama alilala usiku ule, hakuamka tena. Ngogwe zilikuwa bado kijani.

Siku ya msiba wanawake walipika. Shangazi yangu, aliyefika kutoka Shinyanga, akachukua kisu akaliendea pipa. "Watu wale dagaa watupu?"

Mama Tausi alivuta kigoda akaketi mbele ya ule mti. "Dada, pilipili zangu zile pale. Kata zote, ukitaka ng'oa na shina. Hizi hazipikwi."

Walizikata kweli. Mapipa yake yalibaki vijiti. Naye alikaa pale mpaka watu walipotawanyika, macho hayabanduki kwenye ngogwe. Mwanangu, jicho ambalo mama alilikimbia ndilo lililolinda mbegu zake.

Baadaye nilimfikishia neno la mama. Alijifuta pua kwa khanga. "Angeningoja kidogo," alisema. "Mimi nilikuwa bombani tu."

Ngogwe zikaiva, zikawa nyekundu. Nikatoa mbegu, nikazianika, nikazifunga kwenye kitambaa kile kile.

Siku hizi vijana wa hapa Katoro wananunua miche kwangu, wanaipanda kwenye vikopo, wanaiweka ndani dukani wasiibiwe, halafu wanarudi: "Bibi, shikamoo, mche wako tasa." Marahaba. Tasa ni kopo lako. Na wengine mnalea watoto hivyo hivyo, mnawabana, mnawaficha, kisha mnawadai matunda.

Sikia basi. Unachotaka kizae, kipe nafasi chini kabla ya kukidai juu. Kitoe juani, watu wakione. Jicho la jirani haliui kama giza linavyoua. Ukiugua, sema ukiwa bado unasikika. Na asante yako itoe leo, aliyekutendea angali yupo nyumbani.

Mungu akupe udongo wenye kina, asubuhi yenye jua, na jirani asiyekubali uongo wako.

Leo nina nyumba ya bati hapa Katoro, kiwanja mtaa wa Kambarage, ng'ombe watano, mbuzi, na mapipa yaliyokatwa nusu, yote yametobolewa, yote yako juani. Nina kitambaa cha mbegu za ngogwe zenye mistari myeupe. Mama sina. Mama Tausi sina.