Sikuzani wa Newala, mwenye barua pepe ya watu wote

Saa nne na nusu asubuhi, Sikuzani Dauda anabonyeza kiungo kwa mara nyingine, na kompyuta inamletea ukurasa ule ule mweupe wenye onyo jekundu.

Nyuma yake amesimama Veridiana, mama wa mtoto mmoja kutoka Mnyambe, kavaa blauzi nyeupe aliyoazima kwa wifi yake. Ana usaili wa kazi kwa njia ya mtandao, na ulipaswa kuanza sasa hivi. Barua ya mwaliko haina mzaha: atakayechelewa zaidi ya robo saa atahesabiwa kuwa hakufika.

"Dada Siku, wameshaanza?"

"Hawawezi kuanza bila wewe. Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Basi simama, ila usinipumulie shingoni."

Steshenari ya Sikuzani ni chumba kimoja karibu na soko la Newala, kilichokatwa katikati kwa pazia la kitenge. Mbele kuna mashine ya kutoa kopi, madaftari na kalamu za wanafunzi. Nyuma ya pazia kuna meza, kiti, na kompyuta yenye kamera ndogo iliyobandikwa juu ya kioo. Hapo ndipo watu wa mji huu na vijiji vyake wanapokuja kuonana na mabosi wasiowajua.

Dakika chache zilizopita umeme ulikatika. Umerudi, lakini kompyuta imerudi na mambo yake. Betri ndogo ya ndani, ile ya duara kama kifungo cha koti, ilikufa zamani. Kila umeme ukikatika mashine inasahau tarehe na kujirudisha miaka mingi nyuma. Ukibonyeza kiungo cha mkutano kutoka kwenye barua pepe, mtandao unaiona kompyuta inayodai kuwa tuko mwaka ambao umeshapita, unaikatalia.

Hilo Sikuzani analijua. Anashuka kwenye kona ya kioo, anarekebisha mwaka, mwezi na saa, anafunga kila kitu na kufungua upya. Onyo jekundu linaondoka. Veridiana anaachia pumzi.

Anabonyeza tena kiungo. Safari hii ukurasa unafunguka vizuri kabisa, na katikati yake pana maneno manne: Mkutano huu umeshafungwa rasmi.

Nje muuza maji anapita na mkokoteni wa madumu, akibishana bei na mtu.

*

Watu husema kazi ya steshenari ni ya kukaa. Waje wakae wao.

Sikuzani ana miaka arobaini na moja. Alizaliwa Masasi, kwenye familia ya Wayao wanaolima na kuuza nguo kuukuu, akasomea uhazili na kompyuta huko huko. Aliolewa Newala na fundi wa baiskeli. Wana watoto pacha, Kurwa na Doto, walioko sekondari, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Kurwa.

Alianza kwa kuchapa barua na kutoa kopi. Kisha matangazo ya kazi yakaanza kudai anwani ya barua pepe, na wateja wake hawakuwa nayo. "Mtu ametoka Mkunya na bahasha ya vyeti," anasema. "Mwisho wa kupokea maombi ni leo. Hana simu ya kufungulia imeili, na kumfundisha ni kazi ya siku nzima. Namwambia, weka ya kwangu. Nilidhani namsaidia."

Mmoja akaweka, akapata kazi. Habari zikatembea. Leo anwani ya duka lake imo kwenye wasifu wa walimu, madereva, wahudumu wa afya na watu waliomaliza chuo juzi. Barua zao zote zinatua kwenye programu moja ya barua pepe, kwenye kompyuta moja, nyuma ya pazia moja.

Ukurasa mmoja wa kuchapa ni shilingi mia tano. Usaili wa mtandaoni ni elfu tano, bando juu yake. Msimu wa korosho unapoisha na watu hawana hela, hupita siku nzima bila kufikisha elfu kumi. "Lakini hela siyo inayoniumiza kichwa," anasema. "Kinachoniumiza ni kwamba mtu akikosa kazi kwa sababu linki haikufunguka, hamlaumu aliyeituma. Ananilaumu mimi, na mimi ndiye tunayeonana sokoni."

Viungo vinagoma kwa njia nyingi, na nyingi anazijua kwa kuumia nazo. Kuna vinavyofika vimevunjika mistari miwili, kwa sababu barua ilipitia mikono mingi. Programu inashika mstari wa kwanza tu, na mteja anapelekwa pasipokuwepo. Hivyo huvinakili vyote, huviunganisha, kisha hubandika mwenyewe juu kabisa pale pa kuandikia anwani. Kuna vinavyofungukia kwenye programu ya zamani isiyojua kamera wala kipaza sauti. Na kuna siku haelewi kabisa kilichotokea. Kimefunguka, hajui kwa nini, anamshukuru Mungu na kumkaribisha anayefuata.

*

Anakinakili kiungo cha Veridiana na kukibandika juu. Mkutano umefungwa. Anajaribu kwa programu nyingine. Umefungwa. Anakituma kwenye simu yake mwenyewe, na simu inamwambia hayo hayo.

Anatafuta namba ya simu chini ya barua.

"Wamenifungia," anasema Veridiana. "Dada Siku, wamenifungia. Nimechelewa."

"Hujachelewa hivyo. Piga hii namba yao."

Simu inaita mpaka inakatika. Veridiana anapiga tena.

Kwa Veridiana hii si kazi tu. Alimaliza stashahada ya maendeleo ya jamii akiwa na mimba. Tangu hapo amekuwa akijitolea zahanati, akipima watoto uzito na kuwafundisha mama zao kupika uji wa lishe, bila mshahara. Mumewe alikwenda kutafuta kazi Tunduru na sasa hapokei simu. Wazazi wa mume wamemwambia kwa upole kwamba nyumba ni ndogo. Shirika linalotafuta mratibu wa lishe vijijini linataka mtu mmoja, na halijatoa nafasi kama hii upande huu kwa muda mrefu.

Upande wa mbele wa pazia Mzee Alfredi, mkulima wa korosho kutoka Mkunya, anakohoa. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho.

"Mama Kurwa, mimi ni kopi moja tu."

"Baba, shikamoo. Naomba ungoje."

"Marahaba. Nangoja. Maji nimeyangoja tangu juzi, sembuse kopi."

Kwenye benchi, pembeni ya mzee, amekaa Ashraf. Ana miaka ishirini na sita, amesoma chuo kimoja na Veridiana, na yeye pia ametoka kusailiwa asubuhi hii, kwenye kiti hicho hicho, kwa kazi hiyo hiyo. Anwani yake nayo ni ya duka. Alimaliza muda mfupi kabla umeme haujakatika, akatoka akijifuta jasho, na bado hajapata nguvu za kwenda nyumbani.

Nyuma ya pazia, Sikuzani anarudi kwenye barua yenyewe. Anaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Ndugu mwombaji. Unaalikwa kwenye usaili kwa njia ya mtandao. Usaili wako utaanza saa nne kamili asubuhi..."

Pazia linafunguka. Ni Ashraf.

"Mama Kurwa, soma tena hapo."

"Saa nne kamili asubuhi."

Veridiana ameshusha simu sikioni, anamtazama.

"Saa nne kamili ni mimi," anasema Ashraf. "Hiyo ni barua yangu. Ya Veridiana ni saa nne na nusu."

*

Ilikuwa hivi. Shirika lilituma mialiko miwili siku moja, yenye kichwa kimoja cha barua, bila jina, kila mmoja na kiungo chake. Yote ilikwenda kwenye anwani moja. Programu ya Sikuzani hukusanya barua zenye kichwa kimoja na kuzifunga pamoja kama mtumba, inayoonekana ikawa moja tu. Mpangilio huo aliuweka mwenyewe, maana bila huo barua za wateja zilikuwa zinamfurika. Baada ya umeme kurudi alifungua mtumba, akaikuta barua ya juu, akaishika. Kwa haraka ile hakukumbuka kutazama chini yake.

Sasa anabonyeza mshale mdogo pembeni. Barua zinaachana. Ya pili inatokea, saa nne na nusu. Anabonyeza kiungo.

Duara linazunguka. Linazunguka sana. Kisha sura tatu zinatokea kwenye kioo, na mwanamke mwenye miwani anauliza, "Tunaona hapa Sikuzani Steshenari. Nani huyo? Tunamsubiri Veridiana."

"Ndiye mimi," anasema Veridiana. "Samahani sana. Hiyo ni kompyuta ya watu."

"Ulibakiza dakika moja tukufungie. Jitambulishe."

Sikuzani anatoka kinyumenyume, anavuta pazia. Anazima mashine ya kopi isije ikaunguruma. Anasimama mlangoni na kumwashiria kijana wa bodaboda azime injini, na yule kijana anazima bila kuuliza, kwa jinsi alivyomwona usoni.

"Sasa kopi yangu?" ananong'ona Mzee Alfredi.

"Baba, ukiwasha mashine hiyo nitakurudisha Mkunya kwa miguu."

Mzee anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Ashraf amekaa tena kwenye benchi, amekumbatia magoti. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Veridiana inaanza kupanda taratibu. Anaeleza namna anavyomshawishi bibi asiyetaka mjukuu apimwe uzito. Watu wa kwenye kioo wanasikika wakicheka, na si kicheko kibaya.

Ashraf anasikia yote. Alipoulizwa baadaye kwa nini alifunua pazia, hakujipamba. "Niliwaza kunyamaza," anasema. "Sitasema uongo. Nilikaa pale nikawaza, akikosa yeye tumepungua. Halafu nikamsikia anasema wamenifungia, maneno yakanitoka. Nyumbani nimewaambia, wamenigombeza."

Mama yake hakumgombeza sana, anaongeza. Alimpa ugali, akanuna mpaka jioni.

*

Majibu hayajatoka. Shirika lilisema yatakuja kwa barua pepe, na hilo ndilo linalomnyima Sikuzani raha kuliko kiungo chochote kilichogoma.

Barua zote mbili, ya aliyepata na ya aliyekosa, zitatua kwake. Atakuwa wa kwanza kujua. Kila asubuhi anawasha kompyuta, anarekebisha mwaka, na kabla ya kufungua programu anakaa kidogo akiwa amefumba mkono juu ya kipanya. Anajua mmoja wao atapita mlangoni na kusema shikamoo Mama Kurwa, na yeye ataitika marahaba huku analo jibu tumboni.

"Si haki," anasema. "Habari ya mtu inakuwaje kwangu kabla ya kuwa kwake? Wengine nimeshawasomea barua za kukosa kazi, wakanitazama kama nimeziandika mimi. Na siku ile Ashraf asingesema, ningemfukuza Veridiana kwa kosa langu mwenyewe. Ningemwambia mtandao mbovu. Ningeamini."

Kwa hiyo ameamua. Hapokei tena mteja anayetaka kuazima anwani ya duka. Anayetaka kuomba kazi anafunguliwa ya kwake kwanza, anafundishwa kuisoma, ndipo anaandikiwa barua. Inachukua muda, na baadhi ya wateja wamehamia duka la pili lisilo na masharti. Mapato yameshuka. Mumewe ameuliza mara moja kama ana uhakika, akajibiwa, akaenda zake kwa baiskeli zake.

Anataka ifikapo msimu wa korosho asiwe ameshika barua ya mtu hata mmoja. Baada ya hapo anapanga kununua betri mpya ya kompyuta, na Mungu akijalia kompyuta ya pili, watu wawili wasailiwe bila kugombea kiti.

Sasa ni zamu ya Veridiana. Ameshuka kutoka Mnyambe leo asubuhi, na wamekwisha kuliandikia shirika pamoja, wakiomba majibu yake yapelekwe kwenye anwani yake mpya. Ashraf ya kwake alifunguliwa jana. Kilichobaki kwa Veridiana ni kuweka neno la siri lake mwenyewe badala ya lile la muda.

"Weka wewe, dada Siku. Mimi nitalisahau."

"Ukilisahau umelisahau wewe. Andika."

"Niweke jina la mwanangu, Godwin?"

"Usiniambie."

"Au tarehe yake ya kuzaliwa?"

"Veridiana, nimesema usiniambie."

Sikuzani anainuka kwenye kiti, anamwachia, anasogea mpaka mlangoni na kumpa mgongo. Barabarani wanawake wanapita na ndoo kuelekea kwenye bomba linalosemekana linatoa maji. Nyuma yake vitufe vinagonga kimoja kimoja, vinanyamaza, vinagonga tena.

"Tayari?"

"Bado. Usigeuke."

"Sigeuki," anasema Sikuzani, na anaendelea kutazama barabara.