Anche Iliyofungwa Plasta

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akisema nilizaliwa macho wazi, nikitazama nani ataninyang'anya ziwa. Kwa hiyo msishangae kwamba miaka yangu mingi katika bendi ya zumari za mfuko za Kiskoti mjini Brussels niliitumia kumchunguza mtu mmoja: kiongozi wetu, mzee Mbelgiji wa Flandri, fundi bomba mstaafu mwenye masharubu ya kijivu.

Niliingia bendi hiyo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nafanya usafi katika ofisi za karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, na siku moja ya sherehe nikawaona wakipita barabarani, Wabelgiji watupu ndani ya sketi za miraba. Mlio ule ulinipata kifuani. Kule Lubumbashi nilipiga klarineti katika fanfare, bendi ya matarumbeta ya parokia, mpaka mkubwa wa fanfare alipompa mpwa wake nafasi yangu. Niliwafuata hadi walipoegesha basi. Mzee akanitazama juu mpaka chini, akasema njoo Alhamisi.

Alhamisi akanipa kifilimbi cha mazoezi, bila mfuko wala mabomba. Mwaka mzima nilikipuliza mezani kwangu mtaa wa Schaerbeek, jirani akigonga ukuta. Nilijua ananichosha ili niondoke mwenyewe. Baadaye nilisikia kwamba kila mpigaji huanzia hapo, hata Uskoti kwenyewe, lakini wakati ule nani angeniambia nikamwamini?

Mwaka wa pili nikapata chombo kamili: mfuko wa kubana kwapani, mabomba matatu ya begani yanayovuma bila kukoma, na zumari ya vidole inayotoa wimbo. Ndani ya zumari hukaa anche, vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, na bila anche hakuna wimbo. Ipo pia desturi. Kabla ya gwaride kila mtu humkabidhi kiongozi chombo chake. Yeye peke yake ndiye hukisawazisha, na akishakurudishia, hukichezei tena mpaka mnaanza.

Gwaride langu la kwanza lilikuwa la Novemba, kuwakumbuka waliokufa vitani. Mzee alikaa na chombo changu nyuma ya basi muda mrefu kuliko cha mtu yeyote. Tulipoanza, mabomba yangu yakavuma vizuri, lakini zumari kimya. Nilichezesha vidole juu ya kitu bubu, tena mstari wa mbele, watu wakinipiga picha. Nyumbani nikaichomoa zumari nitazame. Anche ilikuwa imezungushiwa plasta, midomo imebanwa kabisa.

“Alinifunga kinywa, maman,” nikamwambia mke wangu. “Nimetembea kama sanamu!”

“We unashukuaka hata chumvi mu chakula,” akajibu. “Bon, enda umuulize. Mi si kiongozi yako.”

Nikamuuliza. Mzee hakuona haya hata kidogo.

“Ndiyo, ni mimi,” akasema kwa Kifaransa. “Vidole vyako bado. Mgeni hutembea kimya kwanza, miguu ijifunze. Mimi nilitembea kimya magwaride matatu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungekuja?”

Sikumwamini. Nilijua alichotaka: Mwafrika mmoja wa kupendezesha picha. Na kweli, picha ikatundikwa katika ukumbi wetu wa mazoezi, mimi katikati, mashavu yamevimba. Niliichukia picha ile.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo, kila mzee aliponirudishia chombo, nilikwenda nacho msalani, nikaichomoa zumari na kukagua. Sikukuta plasta tena, hata mara moja. Ila kuichomoa kulivuruga usawazishaji wake wote, na kila gwaride nilipiga kombo peke yangu. Mzee alikuwa ananitazama kwa huzuni, na mimi huzuni ile niliihesabu kuwa hila. Miaka ilikwenda hivyo.

Kisha binti yangu akapata mchumba, na ndoa ikapangwa kufungwa katika ofisi ya manispaa.

“Papa, siku ya mariage nikiwa nashuka ngazi ya commune, we njo utapiga. Promis?”

Nikaapa. Nilikuwa sijawahi kumwahidi mwanangu jambo kubwa kuliko hilo.

“Na ule muzee akuje.”

“Akuje kufanya nini?”

“Papa! Si ye njo alikufundisha?”

Nikamwalika shingo upande. Siku yenyewe alikuja amevaa sketi yake ya bendi na chombo chake begani, akapanda barabara polepole, pumzi zimempungua. Chini ya ngazi akaninyooshea mkono. Mke wangu alikuwa ananikazia macho, basi nikampa chombo changu. Akageuka kuukwepa upepo, mgongo kwangu, akakisawazisha, akanirudishia. Mlango wa juu ukafunguliwa.

Mgongo ule ulinishinda. Niliichomoa zumari palepale. Anche ikaniponyoka, ikaanguka kwenye jiwe, nikarudi nyuma hatua moja na kuikanyaga kwa kiatu changu mwenyewe. Nikaiokota. Haikuwa na plasta. Ilikuwa imepasuka katikati.

“Papa?” Binti alikuwa amesimama juu na shela lake, ananisubiri.

“Uliona sasa?” mke wangu akasema kwa sauti ya chini. “Uliona?”

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alichomoa zumari yake, akaitoa anche yake, akailowesha mdomoni, akaitia katika zumari yangu na kuijaribu mara moja. Halafu akatoa plasta katika kipochi chake cha kiunoni, akaiziba zumari yake mwenyewe.

“Piga,” akasema. “Mimi nitavuma.”

Nikapiga. Mabomba sita na wimbo mmoja, na mwanangu akashuka ngazi akilia na kucheka. Picha ya siku hiyo iko sebuleni. Wageni wakiiona husema anayepiga kweli ni yule mzungu, tazama vidole vyake vinavyokwenda. Siwabishii.

Anche yake hakuidai. Wiki nzima nilijiuliza ana maana gani. Alhamisi nikamkabidhi chombo, akakisawazisha, akanirudishia, na sikwenda msalani.