Kasa Asiye na Kichwa

Ukitaka kumkera Bi Mwanawema binti Nyange wa Msuka, mwite ng'amba kasa. Alikuwa mchokoa pweza, ulimi wake mkali, na nyayo za pwani alizisoma zote: kasa hujivuta kwa mikono miwili pamoja, ng'amba, jamaa yake mwenye mdomo kama wa mwewe na magamba ya bei, huweka mmoja mmoja. "Kasa analiwa," alikuwa akituambia majirani zake. "Ng'amba ana sumu. Leo atakushibisha, kesho atakuzika."

Basi mwaka ule wa vita, mchele hauji, tunakula mizizi ya mwituni, Bakar, mdogo wake wa tumbo moja, akaja na pakacha la nyama. "Kasa huyo! Injikeni vyungu!" Loo, shangwe ilivyokuwa!

Bi Mwanawema akafika nyama inatokota. "Kichwa kiko wapi, Bakar?"

"Nimekitupa."

"Na gamba?"

"Dada, watu wana njaa, wewe wataka gamba?"

Bi Mwanawema akakipindua chungu cha kwanza mchangani, akaendea cha pili. Astaghfirullah! Watu nusura wamle yeye. Mwenye njaa hana miiko, wakamwita mchawi. Bakar, macho yote yako kwake, akachota nyama ya chungu cha mwisho kabla hakijapinduliwa, akaila huku anacheka. "Haya, nimekufa?"

Asubuhi ulimi wake ulikuwa vidonda vitupu, hamezi hata mate. Kisha akalala usingizi usioamshika. Tukamzika Ijumaa.

Kutoka makaburini, Mzee Khatib, baba mkwe wa Bakar, akabeba jembe. "Kasa wamemuua mkwe wangu. Viota vyote vifukuliwe, mayai yachomwe moto!" Wanaume wakamfuata wamejaa hasira. Nani angewazuia? Kasa alikwisha kuitwa muuaji, maana Bakar mwenyewe ndiye aliyeiita ile nyama kasa.

Bi Mwanawema akakimbilia nyumba ya mdogo wake kutafuta lile gamba, mimi nyuma yake. Chini ya kitanda tukakuta gunia. Alipolifungua, akayaona magamba, akakaa sakafuni.

"Nikilitoa, mdogo wangu ataitwa mwongo kaburi halijakauka," alisema. "Nisipolitoa, kasa hatapanda tena pwani hii. Na kesho mwengine atalisha watoto ng'amba kwa jina la kasa."

Akanyanyuka. Pwani tukakuta kiota kimoja kimefukuliwa, mayai yametapakaa, na Mzee Khatib ameinua jembe juu ya cha pili. Bi Mwanawema akamwaga magamba miguuni pake.

"Tazama kingo zake: yalikuwa yamepandana, kama makuti ya paa. Ya kasa hayapandani. Huyu ni ng'amba."

Mzee Khatib akayageuza kwa mpini. "Basi maskini Bakar alikosea."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Wallahi, mimi ningeitikia.

"Hakukosea," akasema Bi Mwanawema. "Angekosea asingeficha. Alitaka kuuza magamba, na nyama akabahatisha kuwa haina sumu. Nilipombana, akala uongo wake asiaibike."

Mzee Khatib akaliweka jembe chini, na wenzake nao wakaweka. Bi Mwanawema akapiga magoti, akaanza kurudisha mayai shimoni moja moja, machozi yanamchuruzika.

"Mkiulizwa mdogo wangu kafa na nini," alisema bila kuinua kichwa, "semeni ng'amba."