Mtambo wa Wayalesi Niliokataa Kuubadilisha

Nilikosea mimi, msihangaike kumtafuta mwingine.

Nilikuwa meneja wa ofisi moja ya kupandisha wageni mlimani, hapa Moshi mjini, miaka ile intaneti ya wayalesi ilipoanza kuingia. Mtambo wetu ulifungwa tukiwa watu wawili. Ofisi ikajaa watu, mtambo ukabaki ule ule. Fundi akasema umeelemewa, tufunge mwingine. Nikamjibu kama Mchaga yeyote anavyojibu kuanzia Septemba: "Tukitoka Krismasi."

Krismasi tukapanda vijijini, tukala, tukanywa mbege, tukashuka. Nikasema tukitoka Pasaka. Nilijiona mjanja sana wa kubana matumizi.

Kumbe Aneti, dada wa mapokezi, alikuwa anaacha chakula chake cha mchana na kukimbilia intaneti kafe kujibu barua pepe za wageni, maana ofisini zilikuwa zinakwama. Mtambo ulishakufa kitambo. Mtandao wetu ulikuwa miguu ya Aneti.

Akaugua malaria. Wiki hiyo hiyo kundi moja likaandika kwamba linafika siku moja kabla, na barua ikakwama. Wageni wakasimama uwanja wa ndege na mabegi yao, hakuna wa kuwapokea. Mkurugenzi alipouliza, nami, jamani, nikasema: "Barua pepe ni kazi ya Aneti."

Aneti alipopona akayasikia. Hakugomba. Alichukua kikombe chake na kanga yake, akaenda zake.

Mtambo mpya ulifungwa asubuhi moja tu. Mtandao ukawa unakimbia, na karibu kila barua iliyoingia ilikuwa inauliza Aneti yuko wapi. Niliona aibu.

Nikapanda kwao Kirua Vunjo na jani la isale mkononi. Kwetu, aliyekosewa akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe.

"Shikamoo, baba," nilimsalimu baba yake Aneti.

"Marahaba. Isale kwa ajili ya antena?" Mzee alicheka hadi akakohoa.

Aneti alilipokea, naye anacheka. "Nimekusamehe, kaka, moyoni kabisa. Ila kwako sirudi. Nimepata ofisi nyingine, na kabla sijakubali niliwauliza kwanza habari za mtandao."

Nilishuka nimesamehewa, nimeshiba ndizi, na sina Aneti.

Basi, ndugu yangu, ukiona kitu kibovu ofisini kwako bado kinafanya kazi, ujue kuna mtu anakibeba. Mtafute kabla hajachoka.