Mashine ya Alizeti

Juzi, nikipita Kizota, nilisikia harufu ya alizeti ikikamuliwa, nikasimama. Baba alikuwa na mashine ya kuikamua kule Chemba, na nguo zetu zote zilinukia mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Kisha maduka yakajaa mafuta ya bei rahisi kutoka ng'ambo, wakulima wakaacha kutuletea magunia yao. Alasiri moja baba aliizima mashine jua likiwa bado kali, akaifuta taratibu kwa shati lake.

“Imechoka, baba?”

“Inapumzika, mama,” akanijibu, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye.

Nilifurahi, kwa kuwa siku hiyo alinibeba mabegani hadi nyumbani. Jioni mama alitupikia mchicha kwa mafuta yale ya dukani. Baba alikula ugali kwa chumvi. Nikadhani ametuachia mboga sisi watoto.