Jicho Langu la Kulia, Msimu wa Pamba

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa pamba kwenye kituo cha ununuzi, kijijini upande wa Geita. Kazi yangu ilikuwa macho. Mkulima akishusha gunia, nachomeka mkono mpaka kwapani, navuta konzi ya pamba ya ndani na kuitazama juani. Nyeupe isiyo na takataka ni safi, yenye vijani vikavu na madoa ni fifi. Neno langu lilikuwa la mwisho, nami nilijiona bwana mkubwa, sikatai.

Asubuhi moja mjane mmoja mzee wa pale kijijini alileta gunia lake. Nikavuta konzi, nikaona vipunje vyeusi. Nikavuta nyingine, vilevile. Nikasema fifi.

Aliichukua ile pamba kiganjani mwangu, akaigeuza polepole. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa umri wake waliopikia mavi ya ng'ombe miaka nenda miaka rudi, maana kuni kwetu zilikwisha zamani.

"Hii nimeichambua mwenyewe," akasema. "Tazama vizuri, mwanangu. Takataka zimo kwenye jicho lako, hazimo kwenye pamba yangu."

Foleni nzima ikacheka. Mtu mzima nikanuna, nikaandika fifi kwa kalamu nzito.

Kesho yake nilisimama mbele ya ukuta wa ghala uliopakwa chokaa, nikaviona vile vipunje vikielea ukutani. Nikigeuza jicho vinanifuata, nikitulia vinazama taratibu kama masizi kwenye ndoo ya maji. Kisha kila nilipogeuza shingo ukawa unapita mmweko pembeni, kama mtu amewasha kiberiti karibu na sikio langu. Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili. Vyote vilikuwa vya jicho la kulia. Mama wa watu alikuwa amesema kweli tupu.

Wakati wa chakula nikamsimulia shemeji, kaka wa mke wangu. Nilimsimulia kama kichekesho, ili anicheke yaishe. Mdomo huponza kichwa, ila safari hii mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilikuwa cha mwingine.

"Alikutamkia mbele za watu?" akauliza.

"Alikuwa anatetea pamba yake tu."

"Na kesho yake jicho likaharibika."

"Shemeji, huu ni ugonjwa."

"Sijasema si ugonjwa," akasema, akanawa mikono na ugali bado upo.

Wakati ule vikongwe wenye macho mekundu walikuwa wanaitwa wachawi na kuuawa kwetu, kwa mapanga. Tulikuwa tunasikia ni kijiji cha pili, tunasikitika, na baada ya siku mbili tunazungumzia mvua. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Nikaenda Shinyanga mjini, nikafikia kwa ndugu pale Kambarage. Daktari aliyenichungulia alinihimiza nipande treni bila kuchelewa, niende hospitali kubwa ya mbali yenye mashine ya leza. Huko nikaelezwa kwamba utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha, umechanika. Maji yakipenya kwenye ule mchaniko, utando wote unabanduka na jicho linazima. Nikaweka kidevu kwenye kibao, nikaambiwa nisitikisike. Mwanga wa kijani ukaanza kupiga, pigo baada ya pigo, mengine yakichoma ndani kabisa kama sindano ya kushonea magunia. Nilitoka naona zambarau tupu upande ule.

"Kovu linahitaji kama wiki mbili likaze," daktari akasema. "Usibebe mizigo. Vidoa na mimweko vitakuwepo kwa muda, usivishangae. Lakini vikiongezeka ghafla, au ukiona kivuli kama pazia, njoo siku hiyohiyo."

Shemeji alinipokea niliposhuka kwenye basi. Alikuwa ametoka kwa mganga upande wa Katoro. Kuku alipasuliwa, na ndani ya kuku akaonekana mjane mwenye macho mekundu, kana kwamba kijijini petu wajane walikuwa na macho ya namna nyingine.

"Tumekubaliana tusubiri," akaniambia. "Likipona, basi. Likizima, vijana wapo."

Alisema kama mtu anayepanga siku ya palizi.

Tangu hapo kila asubuhi nilifunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikatazama ule ukuta wa ghala kutafuta pazia. Niliogopa upofu, nani asiyeuogopa, lakini nilimwogopea zaidi yule mama. Shemeji naye alikuwa ananipima. "Pale kwenye jiwe kuna mbuzi wangapi?" ananiuliza tukiwa njiani. Nilikuwa nawahesabu kwa jicho la kushoto na kujibu haraka.

Siku ya tisa nikaona vidoa kama vimeongezeka. Huenda vilikuwa vilevile, maana mtu akivihesabu kila siku anapoteza hesabu. Sikusubiri kujua. Nikaenda kwa yule mama, nikamkuta uani anachambua pamba.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Jicho linaendeleaje?"

Nikamwambia yote, ya kuku na ya vijana. Vidole vyake havikusimama.

"Nimekosa nini?"

"Uliniambia kweli."

"Ningekwambia uongo ndiyo ningekuwa salama?"

Nikamsihi aondoke usiku uleule. Alikuwa na binti yake Kahama. Kesho yake mlango wake ulikuwa umefungwa kwa waya.

Jicho langu halikuzima. Mimweko ikapungua, ikakoma. Vidoa vikazama, kikabaki kimoja ninachokiona nikitazama mawingu. Nilirudi kupimwa, daktari akasema kovu limeshika vizuri sana. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtoto, maana shemeji mwenyewe alikuwa amesema, likipona, basi. Nilitaka kwenda Kahama kumrudisha yule mama.

Shemeji alinisikiliza akitabasamu. "Si unaona?" akasema. "Ameondoka, jicho limefunguka."

Wazee waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Nikawaeleza leza, nikawaeleza kovu na wiki mbili. Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikilizwa akiwa na homa. Ningetulia kwangu siku tano tu, jicho lingepona na yeye yupo pale uani, na mganga angeumbuka. Mimi ndiye niliyemwondoa, na kwa kumwondoa nikawapa ushahidi. Nililia siku ile, na jicho la kulia lilitoa machozi kama la kushoto.

Msimu uliofuata shemeji alileta magunia mengi kuliko kawaida yake. Shamba la yule mama lilipakana na lake, na lisingeachwa liote majani. Nikachomeka mkono mpaka kwapani, nikavuta konzi, nikaitazama juani kwa macho yote mawili. Ilikuwa nyeupe, haina hata kijani kimoja. Nikaandika safi.