Picha Inakubali, Sauti Inakataa

Watu wa nyumba niliyoolewa Bumula wana jambo moja wanalojua kuhusu mama yangu, nalo ni kwamba aliwadharau. Hawalisemi kwa hasira tena. Wanalisema kama mtu anavyosema mwaka jana mvua ilichelewa. Kwamba alisimama siku ya harusi yangu kule Kitale, akashika maikrofoni, akatangaza mbele ya wageni wote kuwa mtoto wake anapelekwa mahali pa njaa. Mimi sikusikia akisema hivyo. Sikusikia akisema lolote, na hilo ndilo lililonitesa miaka yote ya ndoa yangu.

Sikusikia kwa sababu sikuwepo. Wageni walipokuwa wakila, mimi na mume wangu tulipelekwa kupigwa picha kwenye bustani ya hoteli moja upande wa pili wa mji. Wingu likaanza kufunga kutoka mlimani, MC akaogopa mvua, akaamua wazazi wazungumze bila kutungoja. Tuliporudi, mama alikuwa ameshaketi, anajipangusa macho kwa leso, na meza ya wakwe imenyamaza kabisa. Kesho yake nilimuuliza alisema nini. Alicheka kidogo, akaona haya, akaniambia, "Si utaona kwa video."

Mama hakuwa mtu wa maneno. Alilima Saboti, halafu akahamia Matisi, akauza viazi na kabichi mbele ya nyumba mpaka magoti yakakataa. Kanisani alikaa nyuma. Kwenye mikutano ya wazazi aliwaachia wengine waulize maswali, kisha akaniuliza mimi njiani. Mara moja tu maishani alishika maikrofoni, na mara hiyo ilikuwa kwa ajili yangu, nami nilikuwa bustanini nashika maua ya plastiki na kuambiwa nitabasamu.

Dada yake, tata yangu, husema kwamba mama aliwaomba wakwe wanichukue kama mtoto wao wa kuzaa. "Alisema huyu sasa ni wenu, akikosea mrekebisheni, akilia mumnyamazishe. Ni hayo tu." Lakini tata ni wa kwetu, na Bumula ushahidi wa mtu wa kwetu hauhesabiwi. Mume wangu naye nikimgusia husema yaliyopita si ndwele. Ni rahisi kusema hivyo kama anayesemwa si mama yako.

Kwa hiyo yalibaki mambo ya video. Mpiga video alituletea kwanza diski fupi, yenye kuingia kwetu, keki na kucheza, muziki mwanzo hadi mwisho. Nzima, alisema, bado anaikata na kuiunga. Aliendelea kuikata na kuiunga nikazaa mtoto wa kwanza, nikazaa wa pili, mama akaugua, mama akafa. Siku ya mazishi wakwe zangu walikuja Matisi, na siwezi kusema hawakuja. Wakiwa wanaondoka nilimsikia mama mkwe akimwambia mwenzake, "Leo sisi wa njaa tumekula kwao." Nilikuwa nimesimama hapo na sahani chafu mikononi. Nilizipeleka kuosha.

Diski nzima ilifika baada ya hapo. Niliiweka kwenye mashine yetu ya kuchezea diski, Bungoma tunakoishi mimi na mume wangu, ile nyeusi ya Uchina inayokaa chini ya televisheni, nikafunga mlango. Picha ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Nikamwona mchungaji anaomba, nikamwona mheshimiwa mmoja aliyealikwa na upande wa mume, nikamwona mama anainuka kwenye kiti, anavuta sweta, anapokea maikrofoni kwa mikono miwili. Midomo yake ikaanza kusogea. Hakuna sauti. Hata ya mchungaji haikuwepo, hata ya mheshimiwa, video nzima ilikuwa bubu. Chini ya kioo palitokea maandishi kwamba sauti haitambuliki. Niliongeza sauti mpaka spika ikaanza kuvuma tupu.

Nilimtazama hivyo siku nyingi, nikijaribu kusoma midomo. Msijaribu hilo. Midomo ya mtu aliyekufa itakwambia chochote unachokitaka na chochote unachokiogopa. Siku moja niliona wazi anasema "mtoto." Siku nyingine, mahali palepale, niliona anasema "njaa." Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilijua kwamba hata mimi, binti yake, nilikuwa nimeanza kuwaamini.

Nikaenda Kitale kwa mpiga video. Aliitazama diski, akaitumbukiza kwenye kompyuta yake, na maombi ya mchungaji yakajaa duka zima.

"Si unaona, madam? Hii kitu iko sawa. Ni mashine yako imezeeka. Picha inakubali, sauti inakataa. Buy ingine, bana."

Akaanza kusogeza mbele ili anionyeshe zaidi, nikamshika mkono. Nilimwambia asimamishe hapo hapo. Duka lilikuwa limejaa watu wanaongoja kuchapishiwa picha za pasipoti, na nje kulikuwa na mtu anachomelea mageti. Sikutaka sauti ya mama irudi duniani mahali kama hapo. Lakini kulikuwa na sababu kubwa zaidi, nami naiandika kama ilivyo. Nilitaka wakwe zangu waisikie siku ileile nitakayoisikia mimi, nyumbani kwao, kwenye mashine yao wenyewe. Ningeisikia kwanza, wangesema nimeichezea. Nilitaka niweze kuapa kwamba sijui kilichomo, na bado nimewaletea. Huo ndio uhakika niliokuwa nao kwa mama yangu, hata baada ya kumwona kwa macho yangu akisema "njaa."

Mashine ya Bumula ilikuwa ndugu ya yetu, ya kizamani vilevile. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kuielewa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kichwa changu kigumu kinanisaidia. Nilianza na kijitabu kilichokuja na mashine, kile ambacho kila nyumba hukitupa pamoja na katoni. Nikakisoma kama mtu anayesomea mtihani.

Nilichoelewa nitakieleza kwa njia ya kwetu. Kitale kila mtu anajua kwamba gunia lililoandikwa mbolea huenda lina mahindi, au maharagwe, au makaa. Maandishi ni ya gunia, si ya kilichomo. Jina la faili la video ni maandishi ya gunia. Ndani mmefungwa vitu viwili, picha na sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa namna yake kisijaze nafasi yote. Mashine hufungua gunia, hutambua jinsi picha ilivyobanwa, huikunjua na kuionyesha. Ikifika kwa sauti, kama haijui ule mbano, huiacha humo humo na kuendelea. Kompyuta ya dukani ilijua mbano za kila aina. Mashine yangu ilijua chache, na kijitabu kilizitaja bila aibu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la gunia. Nilibadilisha jina la faili, nikaliandika lile ambalo kijitabu kilisema linakubalika, nikaichoma kwenye diski mpya, nikaketi mbele ya televisheni nikijisifu. Midomo ilisogea, kimya kilekile. Nilikuwa nimeandika mchele juu ya gunia la mahindi na kungoja pilau. Nilipotulia nikapata programu kwenye laptopu ya shule, nikaiambia isiguse picha, ibadilishe sauti peke yake iwe ya namna ambayo mashine inaijua. Ilifanya hivyo. Halafu diski ikacheza kwetu vizuri lakini ikakataa kwa jirani, nikajifunza kwamba diski ikishachomwa lazima ifungwe, la sivyo mashine nyingine huiona haijaisha. Nikachoma nyingine, nikaifunga. Kila mara nilijaribia kwa maombi ya mchungaji tu. Akisema amina, nazima.

Desemba tulikwenda Bumula, wakati ambapo kila mtu huwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kando yake mzee mmoja, baba mdogo wa mume wangu, na wake wawili wa ndugu za mume wangu. Nilisubiri watu wamalize kula. Kisha nikatoa kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine, nikawaambia nimewaletea harusi nzima, na safari hii ina sauti.

"Mwalimu, hii si ilikuwa imekataa?" aliuliza mama mkwe.

"Ilikataa, Mama. Nimeitengeneza. Sauti yote imo."

Nikawaeleza kidogo, kwa majivuno siwezi kukana, habari za magunia. Yule mzee alitikisa kichwa akasema kweli watoto wamesoma. Nikabonyeza.

Mchungaji aliomba, nao wakaitikia amina hapo sebuleni. Mheshimiwa alihutubia, na hotuba yake ilikuwepo yote, hadi kikohozi. Mzee mwenyewe akatokea kwenye kioo, akiwa na meno yake yote, akazungumza kwa urefu kuhusu ng'ombe na undugu, na hapo sebuleni akawa anajicheka na kurudia maneno yake kabla hajayasema. Marehemu baba yangu akasema machache. Mama akainuka kwenye kiti, akavuta sweta, akapokea maikrofoni.

Kinanda kikaanza. Halafu kwaya. Wimbo wa kushukuru, wa kawaida, wa kila harusi, ukapanda taratibu mpaka ukajaa, na mama yangu akasogeza midomo ndani yake, akainua mkono mmoja, akaugusisha kifuani, akapangusa macho. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Aliporudisha maikrofoni, wimbo ukashuka, na sauti ya MC ikasikika vizuri kabisa ikiwakumbusha watu wa magari waje mbele.

Nilikuwa nimetazama nyuzi za zulia. Mwishowe mama mkwe akavuta pumzi, na alizungumza kwa upole, hilo ndilo lililoniua.

"Hata huyo wa video alisikia haya. Akaona afunike."

"Lisemwalo lipo," akasema mzee.

Nilijaribu. Niliwaambia kwamba mtengenezaji huweka wimbo popote, kwamba ni mapambo, kwamba haina maana. Mmoja wa wale wake wa shemeji zangu, ambaye hana ubaya na mtu, akauliza, "Lakini Mwalimu, si umesema sauti yote iko? Mbona ya wengine iko?" Mume wangu aliinuka akaenda kuangalia gari. Mpaka siku hiyo walikuwa na maneno tu, na maneno mtu anaweza kuyabishia. Mimi ndiye niliyewapelekea ushahidi, umechomwa, umefungwa, unacheza kwenye mashine yao bila kukwama.

Nilimchukia yule mtu wa video kwa namna ambayo sikujua ninaweza kumchukia mtu. Nilimchukia barabara nzima ya kurudi Kitale wiki iliyofuata. Nilimkuta dukani peke yake, nikamwonyesha pale kwenye kompyuta yake. Sauti ya mwanzo iko wapi, nikamuuliza. Akasema kanda za siku zile walikuwa wanazitumia tena, harusi juu ya harusi, na ile yetu ilishafutwa zamani sana. Kilichobaki ni hicho alichokiunga, na ndani yake wimbo haukuwekwa juu ya sauti ya mama, uliwekwa mahali pake. Hakuna programu ya kurudisha kitu ambacho hakimo. Hilo nililijua kabla hajalisema.

"Mbona ya wanaume uliacha?"

"Zile ni hotuba, madam. Mheshimiwa, wazee. Huwezi kata mheshimiwa, ataniitia watu."

Nikamuuliza kama yeye anakumbuka. Maana ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko watu wote, hatua chache tu, na kamera begani na vipokea sauti masikioni. Kila neno alilosema mama lilipita kwanza kwenye masikio yake. Nilimwambia afikirie polepole, nina siku nzima. Nilimwambia hata neno moja linatosha, na nikajisikia ninavyombembeleza, mimi niliyekuja kugombana.

Alitazama kioo, akarudisha nyuma kidogo, akamtazama mama akisogeza midomo. Alijaribu kweli, siwezi kumsingizia. Kisha akaniangalia kwa huruma ya mtu ambaye hajui ametenda nini.

"Hapo hakukuwa na kitu, madam," akasema. "Ni mama tu alikuwa anaongea."